Usinunue Mngurumo, Nunua Maji: Kukagua Pampu ya Petroli Iliyotumika

Katika soko la mifugo la Isiolo hakuna anayenunua mbuzi kwa kusikia sauti yake. Mnunuzi humfungua mdomo akatazama meno, akampapasa mgongo, akakagua kwato, kisha akamtembeza hatua chache aone kama anachechemea. Mtu huyohuyo akiingia mjini kutafuta mashine ya maji iliyokwisha kutumika, mambo hubadilika. Muuzaji anavuta kamba mara moja, injini inanguruma, na pesa zinatoka mfukoni. Kesho yake yuko kando ya mto, injini inanguruma vilevile, na kwenye mdomo wa paipu hamtoki hata tone.

Makala haya ni ya mkulima anayetaka kununua pampu ya petroli ya inchi mbili au tatu kutoka mkono wa pili. Jambo la kushika ni moja: pampu ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja, injini na upande wa maji, na hasara kubwa hutoka upande usiopiga kelele.

Mashine hizi ni nyingi kaunti hii, na zina historia. Ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, uliwamalizia wengi mifugo, na baadhi yao wakageukia vitunguu, nyanya na matikiti kandokando ya Ewaso Ng'iro na mito mingine ya kaunti, kuanzia Burat hadi Kinna, Garba Tula na Merti. Kisha yakaja mafuriko ya El Niño mwishoni mwa 2023, na mengine Aprili na Mei 2024. Kwa hiyo pampu unayoonyeshwa leo huenda imekula mchanga wa mto kwa miaka, imevuta vumbi bila chujio, imelala chini ya maji ya mafuriko, au imekaa stoo na petroli ileile tangu msimu uliopita. Kila moja ya hali hizo huacha alama, na kazi yako ni kuzitafuta.

Kabla ya kwenda kuiona

Anza na mto wako. Pima kimo kutoka kwenye uso wa maji hadi mahali mashine itakapokaa, na upime wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamepungua. Pampu hizi hazivuti maji kwa nguvu za injini. Huondoa hewa ndani ya paipu, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Usawa wa bahari, uzito huo hauwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 hivi, hata pampu ingekuwa bora namna gani. Mji wa Isiolo uko takriban mita 1,100 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, na kikomo hushuka hadi karibu mita 9. Ukiondoa msuguano wa paipu na viungo visivyokaza vizuri, hesabu mita 6 kuwa ndizo za kutegemea. Maji yako yakiwa mita 9 chini ya ukingo, kununua mashine kubwa zaidi hakutasaidia kitu. Itabidi mashine ishuke ikae karibu na maji, kisha isukume kwenda juu, maana kusukuma ndiko inakokuweza.

Ila usiishushe ndani ya kisima au shimo refu. Moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo hujaa shimoni upesi na kuua. Anayemfuata mwenzake kumwokoa huanguka juu yake.

Nguvu za injini nazo hupungua kwa kimo. Kijitabu cha Honda kinasema injini hupoteza kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa mji wa Isiolo hiyo ni asilimia 12 hivi. Muuzaji akikusomea kilichoandikwa kwenye kibandiko, ujue takwimu hizo si za hapa.

Jambo la pili ni ruhusa. Sheria ya Maji ya 2016 inataka anayevuta maji ya mto kwa mashine awe na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Ewaso Ng'iro hugombaniwa kutoka chanzoni hadi kinamasi cha Lorian, na kiangazi wafugaji wa chini huona mto umekauka wakati wa juu bado wanamwagilia. Zungumza na chama cha watumiaji maji cha eneo lako kabla ya kutumia pesa.

Jambo la tatu, mpitie fundi unayemwamini umwulize bei za leo: sili ya pampu, impela, seti ya ringi, kabureta, koili, kamba ya kuwashia. Ziandike. Karatasi hiyo ndiyo itakayokusaidia kujadiliana bei.

Ikague ikiwa baridi

Ukifika, jambo la kwanza ni kugusa silensa kwa uangalifu. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha kabla hujafika. Pengine hana nia mbaya, lakini injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Subiri ipoe.

Wakati ukisubiri, fungua kifuniko cha oili. Katika injini ndogo za aina ya Honda GX160, ambazo ndizo nyingi pamoja na zile zilizoundwa kwa kuziiga, mashine ikiwa imesimama sawasawa oili inapaswa kufika karibu na ukingo wa tundu la kujazia. Chovya kijiti, kisha pangusa kwenye kitambaa cheupe. Oili nyeusi si kosa, ni ya zamani tu. Oili yenye rangi ya kijivujivu, kama imechanganywa na maziwa, imeingiwa na maji. Yenye vumbi la chuma linalometameta juani inakuambia kitu ndani kinasagika. Ikinuka petroli na imezidi kipimo, kabureta inavujisha mafuta hadi ndani ya injini. Oili mpya kabisa, nzito kupita kawaida, nayo iulizie: huwekwa wakati mwingine ili kupunguza moshi na kelele kwa siku moja ya mauzo.

Fungua chujio la hewa. Usiishie kulitazama, maana chujio jipya hununuliwa asubuhi ileile. Zungushia kidole kitambaa cheupe, upanguse ndani ya tundu linaloingiza hewa kwenye kabureta, nyuma ya chujio. Pakiwa pasafi, vumbi lilizuiwa. Kitambaa kikitoka na vumbi jekundu, basi vumbi hilo limekuwa likiingia kwenye silinda na kukwaruza pistoni na ringi kila siku mashine ilipofanya kazi. Hapo hata ikiwaka vizuri, umri wake umekwisha kupunguzwa.

Toa plagi. Ncha yenye rangi ya kahawia ni dalili njema. Nyeusi iliyokauka inaonyesha mafuta yanazidi hewa. Nyeusi iliyoloa oili inaonyesha ringi au vali zimechoka. Angalia pia nyuzi za tundu ambamo plagi hufungwa. Kichwa cha injini hizi ni cha aluminiamu, na plagi ikikazwa vibaya mara kadhaa nyuzi hukatika. Irudishe kwa vidole vyako mwenyewe. Ikigoma kushika au ikizunguka bila kukaza, hiyo ni gharama.

Kisha tafuta alama za mafuriko. Omba ruhusa ya kufungua kifuniko cha kamba ya kuwashia. Kwenye GX160 kinashikwa na bolti tatu. Mulika kwa tochi ya simu katikati ya mapezi ya kupozea na nyuma ya gurudumu zito la feni. Mtu anayeosha mashine ili aiuze huosha inapoonekana. Matope laini ya mto hubaki pembeni mwa mapezi, yamekauka na kushikamana, na gurudumu lenyewe huwa na kutu. Mashine iliyozama si lazima iwe imekufa. Iliyofunguliwa siku ileile, ikamwagwa maji na kutiwa oili mpya, inaweza kufanya kazi miaka. Iliyoachwa na maji ndani kwa wiki kadhaa huwa imeliwa na kutu kwenye beringi na silinda. Utaitambua ukivuta kamba polepole ukiwa umezima swichi: injini nzima huzunguka laini, kisha hugoma kidogo pistoni inapobana hewa. Ukisikia mkwaruzo mkononi, au kamba ikija bila ukinzani wowote mzunguko mzima, iache.

Mwisho wa hatua hii, fuata nyaya. Injini nyingi za aina hii zina sensa inayozima mashine oili ikipungua. Ukikuta waya wake umechomolewa au umekatwa, mwenyewe alichoka kuzimiwa na mashine, yaani ilikuwa ikila oili naye akaendelea kuilazimisha.

Upande usiopiga kelele

Wanunuzi wengi huruka sehemu hii, nayo ndiyo inayobeba kazi yote.

Mkatalie muuzaji anayetaka kuwasha mashine kavu "usikie injini tu". Kati ya injini na maji kuna sili, pete mbili zinazosagana uso kwa uso, na zinapozwa na maji yaleyale yanayosukumwa. Pampu ikizunguka bila maji, sili huungua kwa muda mfupi sana. Pampu iliyoonyeshwa hivyo kwa kila mteja aliyepita imekuwa ikiharibiwa kwenye maonyesho yake yenyewe. Wavuvi wa Ziwa Viktoria na wa Lamu wanalijua hili kwa injini zao za boti: anayenunua iliyotumika huiweka kwenye pipa la maji kabla ya kuiwasha, kwa sababu impela yake ya mpira huteketea ikizunguka pakavu, kisha hutazama kama maji ya kupozea yanaruka nje kwa nguvu. Sisi tulio mbali na ziwa tufuate kanuni hiyohiyo.

Fungua kizibo cha juu, ujaze maji hadi juu, uache kwa dakika kumi bila kuwasha. Chungulia tena. Maji yakiwa yameshuka, tazama yamekwenda wapi. Yakitoka kwenye mdomo wa kuvutia, kile kipande cha mpira kinachofunga njia kimekauka au kimepinda. Hilo ni tatizo dogo, linatengenezeka. Yakidondoka katikati, pale pampu inapoungana na injini, sili imekwisha. Sili yenyewe hainyimi mtu usingizi kwa bei, lakini uliza imevuja kwa muda gani, kwa kuwa maji yanayopita hapo yapo jirani kabisa na sili ya oili ya injini. Rudi ukaangalie oili kwa mara ya pili.

Kagua ganda la pampu lote. Nyufa zilizozibwa kwa gundi ya chuma hufichwa kwa rangi mpya. Pitisha ukucha juu ya rangi, utahisi uvimbe. Angalia vizibo vya kujazia na kumwagia maji, kwa sababu nyuzi zake zikikatika pampu huvuta hewa, na pampu inayovuta hewa haivuti maji.

Muuzaji akikubali, mwambie fundi afungue ganda. Bolti ni chache na kazi ni ya dakika chache. Impela ya pampu iliyofanya kazi kwenye laga, yaani mto wa msimu, au kando ya mto wenye mchanga huonekana wazi: mabawa yamekuwa membamba, kingo zimechongoka, na ukuta unaoizunguka una mikwaruzo ya duara. Pengo kati ya impela na ukuta likipanuka, maji huzunguka palepale badala ya kwenda shambani. Injini haionyeshi dalili yoyote. Kwa kweli huimba vizuri zaidi, kwa kuwa haina mzigo.

Ipeleke mtoni

Baada ya hayo yote, hukumu ni moja: ivute maji mbele yako. Beba paipu yako mwenyewe ya kuvutia, ile ngumu isiyobonyea, unayojua haina tundu, pamoja na kichujio na klipu zake. Ukitumia ya muuzaji na maji yakakataa kupanda, ataitupia paipu makosa yote, nawe hutakuwa na jibu.

Jaza maji, iwashe ikiwa baridi. Hesabu imevutwa kamba mara ngapi. Moshi mweupe unaopotea haraka usikusumbue. Wa samawati unaoendelea ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Injini ikipanda na kushuka yenyewe bila kutulia, mara nyingi kabureta imeziba kwa petroli ya zamani, na hilo husafishwa. Sauti ya kugonga ndani, nzito na ya mfululizo, haisafishwi.

Maji yakipanda, chukua pipa la lita 200 na simu yenye saa. Pampu ya inchi mbili inayoelezwa kutoa lita 600 kwa dakika ingelijaza kwa sekunde 20 kama haipandishi maji popote. Kwa kimo cha ukingo na paipu, nusu dakika ni jibu zuri, na hata sekunde 40 zinavumilika. Likichukua dakika nzima, mashine inatoa theluthi moja ya inayodaiwa. Likifika dakika mbili, unachonunua ni kelele.

Kisha usiizime. Iache ifanye kazi nusu saa, injini ikiwa kwenye kasi ya kazi. Kuna koili ambazo hazina shida zikiwa baridi na hukata moto zinapochemka; hizo ndizo zinazomwacha mkulima katikati ya shamba saa sita mchana. Baada ya nusu saa izime, subiri dakika mbili, uwashe tena. Isipowaka ikiwa ya moto, umeokoa pesa zako. Ikiwaka, chomoa paipu ya kuvutia kutoka majini mara moja, uirudishe, uone inachukua muda gani kushika maji tena. Izime, ufunike mdomo wa paipu ya kuvutia kwa kipande cha mpira wa tyubu wakati pampu ikiwa bado na maji, kisha uiwashe kwa muda mfupi. Mpira ukinyonywa na kushikamana, na ukabaki umeshikamana kwa muda baada ya kuzima, hakuna hewa inayoingia popote.

Jina na karatasi

Kuna mashine zenye jina kubwa kwenye kibandiko na asili nyingine chini yake. Tafuta namba ya injini iliyopigwa kwenye bloku; usiridhike na kibandiko peke yake. Kibandiko chenye herufi zilizofifia au jina lililobadilishwa herufi moja kinatosha kukuamsha. Si kwamba injini ya kuiga haifai, kwani nyingi zinamwagilia mashamba hapa hapa na vipuri vyake hupatikana Isiolo, Meru au Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi. Shida ni kuilipia bei ya ile halisi.

Namba hiyo ikiwa imekunwa, ondoka. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 322, inampa anayeshughulika na mali ya wizi kifungo cha hadi miaka 14 ikithibitika alijua au alikuwa na sababu ya kujua. Namba iliyokunwa ni sababu tosha.

Uliza pia kama mashine ni ya mtu au ya kikundi. Si chache katika ukanda huu zilizotolewa kwa vikundi vya wakulima na serikali au mashirika ya misaada. Tafuta maandishi ya rangi au mabaki yake kwenye fremu na tanki. Mali ya kikundi haiuzwi na mwanachama mmoja. Dai muhtasari wa mkutano wenye sahihi za mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Vinginevyo utapelekwa kwa chifu na kikundi kizima, pesa ikiwa imekwisha kuliwa.

Andikianeni hata kama ni jirani yako: majina, namba za vitambulisho, namba ya injini, bei, tarehe, shahidi mmoja kila upande. Lipa kwa M-Pesa, kwa simu ya mwenye kitambulisho kilichoandikwa, usitume kwa dalali.

Bei

Sasa toa karatasi ya bei za vipuri. Jumlisha ulichokiona: sili, kipande cha mpira, kamba, usafishaji wa kabureta, ujira wa fundi. Punguza jumla hiyo kwenye bei ya muuzaji mbele yake, kipengele kwa kipengele, bila ugomvi. Bei ya kununua ikijumlishwa na matengenezo ikavuka theluthi mbili za bei ya mpya dukani, ongeza kidogo uchukue mpya yenye dhamana. Anayelima Merti, zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini, awe mkali zaidi: kwake kipuri cha bei ndogo kinaweza kugharimu siku mbili za safari huku nyanya zikinyauka.

Ukiinunua, siku hiyohiyo mwaga oili na uweke mpya, lita 0.6 hivi kwa injini ya ukubwa wa GX160. Badilisha plagi, safisha au badilisha chujio, mwaga petroli ya zamani. Kichujio cha paipu kisilale kwenye mchanga wa mto. Kitie ndani ya ndoo au kikapu ili kichukue maji ya juu.

Mengine yote yanaweza kujadiliwa, ila jaribio la mtoni halina mjadala. Muuzaji mwenye mashine nzima hapotezi chochote kwa kuipeleka majini isipokuwa muda na mafuta. Basi mwondolee kisingizio hicho: jitolee kulipa petroli na pikipiki ya kuibeba. Akikataa hata hapo, amekwisha kukujibu.